Maziwa Yasiyoganda

Mama Kyomuhendo amefariki. Binti yake alinipigia simu asubuhi, akaniambia mama ameondoka usingizini bila maumivu, na kwamba maiti ingesafirishwa kwao magharibi, lakini watu wa Kalerwe walikuwa wakikusanyika kwanza uani kwake. Akanitaka niseme maneno machache, kwa kuwa katika sisi tuliobaki mimi ndiye niliyemjua mama yake kwa muda mrefu kuliko wote. Nilikwenda. Nilisimama mbele ya mikeka nikasema kwamba marehemu alikuwa jirani mwema, mcheshi, aliyelisha watoto wa watu wengine kama wake. Yote hayo ni kweli, na yote yangeweza kusemwa juu ya nusu ya wanawake waliokuwa wakinisikiliza. Nikaketi, nikapewa chai. Jambo ambalo mimi peke yangu ningeweza kulisema sikulisema. Katika kumbukumbu hizi nilikuwa nimepanga kuufikia mwaka ule polepole, baada ya utoto na shule. Sasa nauruka utoto, nairuka shule, na ya nyumbani kwetu nayaacha, niende moja kwa moja kwenye zizi la Hajati Mastura.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Wahindi wafukuzwe. Maduka ya mjini yalikuwa yamegawiwa wanajeshi na jamaa zao, na kwenye rafu vilikuwa vimebaki vitu ambavyo hakuna aliyejua matumizi yake. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari na sikuwa na kazi. Hajati Mastura, mjane Mnubi ambaye mumewe alikuwa sajini zamani za Waingereza, alinichukua nimsimamie ng'ombe wake watano wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, huko nyuma ya Kalerwe, pembezoni mwa Kampala, mahali ardhi inapoanza kushuka kuelekea kwenye mafunjo. Chumba alichonipa kilikuwa stoo ya pumba. Kilinuka pumba hadi siku niliyohama, na mimi nilinuka pumba hata msikitini. Lakini kilikuwa na ukuta mmoja wa mabati ulioshikana na jiko, na kupitia ukuta ule nilisikia kila kilichosemwa katika nyumba ile. Asubuhi niliamshwa na harufu ya gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, ikigeuzwa juu ya chuma, na sauti ya Hajati akimsema mtu fulani ambaye mara nyingi nilikuwa mimi. Nilikula vizuri kuliko vijana wengi wa umri wangu mwaka ule, na sijui kama niliwahi kumshukuru kwa mdomo.

Jikoni mle kulizungumzwa jambo moja tu, namna ya kufanya kidogo kitoshe. Sabuni ilikatwa kwa uzi vipande vyembamba. Majani ya chai yalichemshwa, yakaanikwa juu ya bati, yakachemshwa tena. Chumvi ilifungwa kitambaani, ikachovywa katika mchuzi, ikatolewa ingali na kazi nyingine ya kesho. Wanawake waliokuja kununua maziwa walikaa kwenye kizingiti wakipeana maarifa hayo kama wenzao wa nyakati nyingine wanavyopeana habari za harusi. Hajati alikuwa na usemi wake kwamba mwanamke asiyejua kunyoosha sukari, hata ukimpa shamba la miwa, ataomba kwa jirani. Nilizisikiliza hizo habari kila siku nikiwa nimelala kwenye magunia, na zikaniingia. Nilijifunza kwamba anayetumia kitu chote ni mfujaji, na anayetumia nusu na kubakiza nusu ana akili. Hakuna mtu katika Kampala ile ambaye angebishana nami.

Kisha ugonjwa wa kiwele ukaingia zizini. Ulianza kwa Sultana, ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe pajani, ambaye peke yake alijaza ndoo kuliko wengine wawili wakichanganywa. Chuchu moja ilivimba ikawa ya moto, na maziwa yake yakatoka na mabonge kama ya uji uliokosea. Hajati alinituma mjini, na huko Nakivubo nikaelekezwa kwa koplo mmoja aliyegawiwa duka la dawa za mifugo. Koplo alikuwa ameipanga mirija ya penisilini pamoja na minyororo ya baiskeli, akiamini kwamba ni gundi ya kuzibia matairi. Aliniambia wateja walikuwa wakilalamika kwamba haishiki. Nilinunua yote iliyobaki, nikarudi nyumbani nikiwa shujaa.

Katika nyumba ile mimi peke yangu nilijua kusoma Kiingereza. Nasema hivi ili nisimsingizie mtu. Maandishi yaliyokuwa kwenye mirija ile niliyaelewa vizuri. Yalisema mrija mmoja mzima kwa chuchu moja, urudie mpaka dozi iishe, na maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasinywewe na watu mpaka siku kadhaa zipite. Nilisoma, nikafikiri, nikaona kwamba aliyeandika maneno yale hakuwa amewahi kuishi mahali pasipo na sabuni. Nikaugawa mrija mmoja mara tatu. Theluthi ya kwanza nilimpa Sultana. Nyingine niliwapa wawili wasio na ugonjwa wowote, ili usiwapate. Mabonge ya Sultana yalipotoweka nikaacha hapo hapo, nikaiweka mirija iliyosalia ndani ya sufuria na kuifunika. Baada ya wiki chache mabonge yakarudi, nikatoa tena kidogo. Yakaondoka, yakarudi. Hajati alikuwa akiwaambia wanawake wa kizingitini kwamba kijana wake ananyoosha dawa kama mwanamke wa Kinubi anavyonyoosha sukari, na mimi nyuma ya mabati nilijisikia nimeenea chumba kizima.

Kuhusu maziwa, Hajati aliniuliza mara moja kama yale ya Sultana yanafaa, kwa sababu alikuwa amesikia mahali kwamba ng'ombe akitiwa dawa maziwa humwagwa. Nikamwambia ninayamwaga. Sikuwa nikiyamwaga. Foleni ya kina mama wenye watoto wachanga ilifika barabarani kila alfajiri, na mimi nilijiambia kwamba kumwaga maziwa mbele ya watu kama wale ni dhambi. Lakini pia sikuwapa wale wa foleni. Niliyaweka katika ndoo ya Mama Kyomuhendo, kwa sababu yeye alikuwa akiyageuza mtindi, na nilidhani mtindi unafunika kila kitu.

Mama Kyomuhendo alikuwa Mnyankole mrefu, mwembamba, mwenye mwanya, aliyekuja mjini kumfuata mume ambaye hakumkuta. Chumba chake kilikuwa hatua chache kutoka soko la Kalerwe. Ndani palikuwa na kitanda kimoja, binti mmoja, na rafu ya vibuyu vya maziwa iliyochukua ukuta mzima. Alivifukiza vibuyu vile kwa moshi wa majani makavu aliyoletewa kutoka kwao, akavisugua kwa mafuta mpaka ving'ae, akavifunika kwa vifuniko vya ukindu alivyovisuka mwenyewe. Ukiingia mle ndani, kwanza unanusa moshi mtamu, halafu ndipo unaona watu. Kwa watu wake, mwanamke hujulikana kwa vibuyu. Mwenye kibuyu kichafu hakemewi. Watu huacha tu kwenda kwake, na binti zake hawaposwi. Hayo niliyajua, maana yeye mwenyewe alinisimulia nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake nikila katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na maini, siku ambazo Hajati alikuwa amefunga na mimi nimesingizia tumbo.

Asubuhi moja alikuja na ndoo yake na kibuyu kimoja kikubwa. Alisubiri foleni iishe, akanivuta nyuma ya zizi, akainamisha kibuyu juu ya kiganja chake. Yalitoka maziwa mepesi, yasiyo na uchachu, yenye harufu ya kitu kilichochoka.

"Kijana wangu, hii maziwa yako iko na nini? Nimelaza siku mbili, inaniangalia tu."

Nilijua jibu. Nilikuwa nimesoma shuleni kwamba mtindi ni kazi ya vijidudu, na nilikuwa nimesoma kwenye mrija kwamba ile dawa huua vijidudu. Mambo hayo mawili yalikutana kichwani mwangu pale pale, nikaogopa. Na kwa kuwa niliogopa, nilimjibu kama wanavyojibu watu walioshikwa.

"Angalia vibuyu vyako, Mama. Labda ni vichafu."

Alikifunika kibuyu, akakishika kifuani kama anayebeba mtoto kumwondoa mahali penye baridi, akaenda zake. Nimekosea mengi maishani, mengine makubwa kuliko hilo, lakini ule mgongo wake ukielekea barabarani ndio ninaouona.

Sasa nieleze hatari ilikuwa wapi. Miongoni mwa wateja wa mtindi wake alikuwamo mke wa kapteni mmoja aliyekaa Kololo, na wiki ile ile bibi huyo alikuwa na wageni. Mama Kyomuhendo alikuwa amepeleka alichokuwa nacho, akitumaini kitaganda njiani. Hakikuganda. Wageni walimiminiwa maji meupe. Katika mji mwingine, mwaka mwingine, jambo hilo lingeishia kwenye kicheko. Lakini wakati ule neno sumu lilikuwa likitembea Kampala kama mtu mwenye viatu, na likigonga mlango wa nyumba, wenye nyumba hawakuonekana tena. Siku mbili baadaye gari la jeshi lilisimama mbele ya nyumba ya Hajati wakati foleni ipo. Askari mmoja akashuka, kijana wa kaskazini mwenye upole fulani wa kutisha, akauliza kwa sauti ya kawaida nani amezoea kuuza maziwa kwa yule mwanamke wa mtindi, na ni kitu gani kiliwekwa ndani ya maziwa ya Madam, yule mke wa kapteni.

Hajati alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Hakujua lolote. Uso wake ulikuwa mweupe wa kutojua, na uso kama huo ulikuwa tayari umewapeleka wengi kusikorudiwa. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya Sultana. Nilifungua mdomo, na Mungu ni shahidi, sikumbuki kama nilitaka kusema kweli au kusema uongo mwingine. Mama Kyomuhendo alitoka kwenye foleni kabla sijatoa sauti.

"Ni mimi, afande. Maziwa ya Hajati ilikuwa nzuri. Vibuyu yangu ndiyo ilikuwa chafu. Nilikuwa na homa, sikuosha."

Askari akaanza kucheka.

"Munyankole na kibuyu chafu? Hiyo sijasikia tangu mama anizae."

"Basi leo umesikia."

Akamwambia apande gari, akaoshe vyombo vya Madam mpaka mikono ijifunze. Alipanda bila kunitazama. Hajati alikaa siku nzima kwenye jamvi la sala, na mimi nilikaa zizini, nikisikia kila gari. Jioni, kabla ya magharibi, Mama Kyomuhendo alirudi kwa miguu, vidole vimevimba kwa magadi, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya zizi nilipokuwa.

"Sasa mwaga," alisema. "Nataka kuona na macho yangu."

Niliimwaga ndoo ya Sultana katika shimo la samadi, nikafukia kwa udongo, maana kumwaga maziwa nako kungeitwa hujuma ya uchumi. Kisha nikaingia jikoni kwa Hajati nikamweleza yote, tangu maandishi ya mrija. Nilitarajia kufukuzwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachota chai, akaniuliza kama nimekula. Baada ya kula ndipo alinitukana, Kinubi na Kiswahili kwa zamu, mpaka akachoka. Asubuhi akamtuma mtu amwite Dokta Otim.

Dokta Otim alikuwa mganga wa mifugo wa serikali, mtu wa kabila la Lango la kaskazini, mnene, mwenye miwani iliyofungwa waya. Gari la idara halikuwa na petroli, kwa hiyo alizunguka wilaya nzima kwa baiskeli akiwa amevaa tai. Alimkagua Sultana, akaomba kuona mirija, akanitaka nimwonyeshe nilivyokuwa nikigawa. Nilimwonyesha. Akavua miwani.

"Unajua umefanya nini? Dawa nusu ni kama kipigo nusu. Unampiga adui, hafi, anaondoka amejua mkono wako. Anazaa watoto, anawafundisha. Kesho ukija na fimbo ile ile wanakucheka."

"Dokta," Hajati alisema kwa upole kutoka mlangoni, "tafadhali sema wadudu kwa sauti. Jirani wanasikia."

Dokta alifikiri kidogo, akageukia ua, akatangaza kwamba mazungumzo haya ni juu ya wadudu wa kiwele cha ng'ombe. Ng'ambo ya ua mtu alikohoa, na sisi watatu tukacheka mpaka nikalazimika kushika nguzo. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kucheka tangu lile gari lije.

Alichotufundisha hakikuwa dawa. Tuliondoa tope zizini tukaweka nyasi kavu. Kila ng'ombe akapata kitambaa chake, kinachochemshwa. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu yalikamuliwa juu ya kitambaa cheusi ili bonge lionekane mapema. Wazima walikamuliwa kwanza na mgonjwa mwisho, na mgonjwa alikandwa kwa maji ya moto na kukamuliwa mara nyingi kutwa, mpaka vidole vyangu vikawa havifungi. Penisilini ikawa ya aliyezidiwa peke yake, dozi nzima mpaka mwisho, na maziwa shimoni. Mama Kyomuhendo alikuja kila asubuhi kushuhudia shimo. Hakuwa na haja nyingine ya kuja, kwa kuwa hakuwa akinunua. Alisimama tu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Ng'ombe wawili walioanza kuugua walipona kwa maji ya moto na mikono tu, bila hata tone la dawa. Sultana hakupona. Dokta alimpa dozi kamili kutoka kwenye mirija ile, na mabonge hayakujali. Wadudu wake walikuwa wamesoma kwangu. Kiwele kilikauka chuchu moja baada ya nyingine, na dawa ilipokwisha kutoka mwilini mwake kwa muda aliotuambia Dokta, Hajati akamwita mchinjaji. Nilimfungua kamba mimi mwenyewe. Alinifuata bila shaka yoyote, kama alivyonifuata siku zote.

Siku hizi jambo hili lina jina, usugu wa dawa, na redio hulizungumzia kati ya mpira na matangazo. Mjukuu wangu anafuga kuku wa nyama huko Gayaza, na mpaka majuzi aliwatia unga wa antibiotiki katika maji kila siku, wazima na wagonjwa, ili ugonjwa usiwapate. Nilipomwuliza kwa nini, alinipa jibu langu mwenyewe la miaka ile, karibu neno kwa neno. Sikumtukana. Nilikwenda kwake nikatoa maranda yaliyolowa, nikamwonyesha bandani pasipopita hewa, nikakaa naye mpaka vifaranga wa awamu ile wakakua bila ule unga. Nilipokuwa nikizoa maranda nilimfikiria Dokta Otim na tai yake. Watu wa kabila lake walikuwa wakiwindwa, naye alilazimika kukimbia nchi kabla mwaka ule haujaisha. Nilisikia baadaye kwamba alifika Kenya salama na akazeeka huko. Nilisoma dua ya shukrani.

Mtindi uliganda tena mwaka ule ule, kabla ya mvua za pili. Mama Kyomuhendo alinunua ndoo moja, akaenda, na kesho yake akamtuma binti yake aniite. Nilikaa kwenye kigoda kile kile. Alifungua kibuyu, akamimina, na ukatoka mzito, ukijikunja, wenye ule uchachu unaobana masikio. Nilikunywa. Tulikuwa hatujasema kitu tangu siku ya mgongo wake, ukiacha habari za shimo, na sasa nilianza kuomba msamaha, vibaya, nikirudia maneno. Hapo nje akapita mwanamke muuza nyanya, akagonga ukuta na kuita kwa utani, "Mama Kyomuhendo, leo nipe ya kibuyu kilichooshwa," na wenzake wakacheka. Wateja wake wengi walikuwa wamehama. Ule utani ulikuwa umekuwa wimbo wa soko, na binti yake, aliyekuwa darasa la tano, alikuwa akiusikia njia nzima ya shule.

Nilisimama kwenda kuwaambia. Alinishika shati.

"Kaa chini. Ukisema leo, watauliza ilikuwa nini kama si vibuyu. Hajati bado iko hapa, na ile gari bado iko Kololo. Utasema siku ingine, wakati watu wanaweza kusikia maziwa na wafikiri maziwa tu."

Nikaketi. Akaniongezea kikombe.

Siku hiyo ilifika zamani. Ile serikali ilianguka, Hajati alifariki kwa uzee katika kitanda chake, na watu wakawa huru kuzungumza juu ya maziwa wakifikiri maziwa tu. Mimi nilihamia Nakuru miaka mingi, nikarudi, nikapita mbele ya mlango wake kila wiki, nikanunua mtindi, nikamsalimu, nikaenda. Hakunikumbusha hata mara moja. Wanawake wa rika lake waliendelea kumtania kwa kibuyu kilichooshwa mpaka wakafa mmoja mmoja, na wale waliobaki walikuwa mbele yangu kwenye mikeka juzi, nami nikawaambia alikuwa mcheshi. Nitampelekea binti yake, Kyomuhendo, kurasa hizi akirudi kutoka mazishini, azisome kwa sauti uani kwake, kwa yeyote atakayekuwapo. Kyomuhendo, vibuyu vya mama yako vilikuwa safi mwaka ule, kama vilivyokuwa safi miaka yote. Maziwa yalitoka mikononi mwangu.